Sayari Niliyoipata Baada ya Kufukuzwa Kolwezi

Siku tuliyotangaza sayari yangu ya kwanza, mwandishi wa gazeti alikuja ofisini na swali lililokuwa tayari limeandikwa kwenye karatasi yake. Aliniuliza kama nilizipenda nyota tangu utotoni, nikilala chali kijijini, chini ya anga jeusi la Afrika. Nikamwambia sikukulia kijijini. Nilikulia Dilala, mjini Kolwezi, katika nyumba ya matofali ya kampuni ya shaba, yenye umeme na bomba la maji ndani. Taa za mgodi ziliwaka usiku kucha, kwa hiyo angani tuliona mwezi na vumbi tu. Nyota sikuzijua. Aliitikia kwa kichwa, akaandika. Kesho yake nikasoma kwamba nilizipenda nyota tangu utotoni, nikilala chali kijijini.

Nilikasirika siku tatu. Wenzangu kazini walidhani nimekasirishwa na gazeti. Mmoja akaniletea keki. Sikumweleza chochote, kwa sababu ningeanza kueleza ningemaliza lini?

Sasa naeleza.

Kazi yangu ni kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, mbali na jua letu. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Sayari hizo hatuzioni. Nyota ya kila sayari inang'aa mno, nayo sayari ni ndogo na haina mwanga wake. Tunachokiona ni kwamba nyota inatikisika. Sayari inapoizunguka huivuta kidogo upande huu, kisha upande ule, na nyota inasogea kuja kwetu na kurudi nyuma, polepole, labda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ikija kwetu mwanga wake unaelekea kidogo kwenye bluu, ikirudi unaelekea kwenye nyekundu. Tunaupasua mwanga huo kwa chombo maalumu mpaka unakuwa mistari, kisha tunapima mistari imehama kiasi gani. Watu wanadhani tunakesha kwenye darubini. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia mchana, mbele ya kompyuta, nikigombana na mistari.

Mistari nilifundishwa na baba.

Baba alikuwa fundi wa labo, yaani maabara, katika kiwanda cha kusafishia shaba. Kila asubuhi walimletea unga wa mawe kutoka mgodini, naye aliuchoma ndani ya mashine iliyosoma mwanga wake na kusema ndani mna shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani, chuma kiasi gani. Jumapili moja alasiri, mama akisonga bukari kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, baba alichukua kipande cha waya wa shaba akakisukuma kati ya makaa. Moto ukawa kijani. Nilipiga kelele.

"Toa bitu byako mu chakula yangu!" mama akamfokea.

Baba akacheka. Akaniambia, "Unaona? Shaba ikiungua inajisema yeye mwenyewe. Haina namna ya kudanganya. Batu njo banadanganya."

Babu yangu aliletwa Katanga kutoka Kasai na kampuni hiyohiyo, kwa treni, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu walihitaji mikono. Baba alizaliwa Kolwezi. Mama alizaliwa Kolwezi. Mimi nilizaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni, na Kasai sikuwahi kuiona hata kwenye picha. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Kiluba cha Kasai nilikijua cha kusalimia tu, na nilipokisema shangazi zangu walishika midomo wasicheke.

Nilipotimiza miaka kumi na mitatu mambo yaligeuka. Migodi ilikuwa inakufa, mashine zinasimama moja baada ya nyingine, na wakubwa waliona ni rahisi kuonyesha watu kidole kuliko kueleza shaba imeenda wapi. Kidole kikaelekezwa kwetu. Mikutanoni walisema watu wa Kasai wamekula kazi za wenye nchi, warudi kwao. Walituita bilulu, yaani wadudu. Vijana waliokuwa wanacheza mpira na binamu zangu waliliimba neno hilo barabarani, na mama zao wakasimama milangoni kuwaangalia.

Shuleni nilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu niliyempenda. Alikuwa kijana, mkali, mwenye mwandiko mzuri ubaoni, na alikuwa akinipa maswali ya darasa la juu yangu kwenye vipande vya karatasi. Nikiyapata yote alisema neno moja tu, "Endelea," nami nilikimbia nalo hadi nyumbani. Jumatatu moja aliingia darasani na karatasi. Hakufungua kitabu.

"Benye nitasoma majina bakamate bitu byabo, baende ku nyumba," alisema. "Basirudie tena ku masomo."

Akaanza kusoma. Sauti ilikuwa ileile aliyotumia kutusomea maswali ya mtihani, haikupanda wala kushuka. Wengine walianza kulia kabla hajafika kwao. Jina langu lilikuwa karibu na mwisho, na alipolisoma alivuta pumzi, akaenda kwenye linalofuata. Nilisimama. Daftari langu lilikuwa mezani kwake, alikuwa amelichukua Ijumaa kulisahihisha.

"Mulimu, nirudie lini?"

"Sijue. Uliza tata yako."

"Na daftari yangu?"

Aliiangalia karatasi yake. "Enda, mutoto. Enda."

Siku ya nne kundi la watu lilifika kwenye mtaa wetu na mapanga na mawe. Waliingia nyumba kwa nyumba. Askari walikuwapo, wamesimama kwenye kona na bunduki zao, wanaangalia. Baba aliambiwa atoke kabla hawajamaliza kuhesabu mia. Tulitoka na godoro, sufuria mbili, blanketi, na mdogo wangu wa kike wa miezi minane mgongoni kwa mama. Baba alitaka kurudi kuchukua vyeti vyake. Mtu mmoja ambaye alikuwa amefanya naye kazi labo miaka tisa alimzibia mlango kwa mkono.

"Tata, usinilazimishe," alimwambia.

Hilo neno nimelibeba hadi leo. Usinilazimishe! Kama kwamba baba ndiye aliyekuwa anamfanyia ubaya.

Tukaenda stesheni, kwa kuwa maelfu walikuwa stesheni. Tulikaa pale miezi miwili na siku kadhaa, tukingoja treni ya kutupeleka mahali tusipopajua, iliyoitwa kwetu. Tulilala kando ya reli, chini ya turubai tulilogawana na familia nyingine. Maji yalikuwa ya kugombania. Mvua ziliponyesha, choo na jikoni vikawa kitu kimoja. Watoto walianza kupata surua. Mdogo wangu alishikwa siku ya Jumanne. Ijumaa hakuwa na nguvu ya kulia tena. Masista walikuja na dawa mchana wa Jumamosi. Walikuwa wamechelewa kwa saa chache.

Baba na wanaume wengine wawili walichimba ng'ambo ya reli, penye majani, kwa sepeto moja waliyokuwa wanapokezana. Walikuwa tayari wamechimba makaburi mengine mengi pale. Baba aliweka jiwe la reli kichwani na jingine miguuni. Mama hakulia. Aliuliza kama kaburi lina kina cha kutosha, na baba akasema lina kina, na mama akasema, "Chimba tena." Akachimba tena.

Treni yetu ilikuwa mabehewa ya mizigo. Ilisimama Tenke siku nne na Kamina siku nane. Kuna waliotelemshwa njiani wakiwa wamefunikwa nguo uso. Mwene-Ditu tulipofika, ndugu za baba ambao hakuwahi kuwaona walitupokea kwa sala na chakula, na baada ya mwezi mmoja walianza kutuita Wakatanga.

Baba hakuingia tena labo maisha yake yote. Alikwenda kila mahali penye mashine akasema yeye anajua kupima madini, wakamwomba vyeti. Akauza makaa. Jioni, kabla jua halijazama, alinichorea mavumbini mistari ya chuma, ya shaba, ya zinki, kila mmoja mahali pake, kwa kichwa tu. Alisema asipoichora ataisahau. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, Kinshasa, nasoma fizikia. Ugonjwa uliandikwa kwenye karatasi. Mimi najua nani alimuua, na wengine wao bado wanakwenda misa.

Nilipata nafasi ya kusoma Ulaya kwa sababu niliongoza darasa, na kwa sababu mzee mmoja pale chuoni aliandika barua kumi na nne hadi mtu akajibu. Huko nikaingia kwenye kikundi cha watu wanaotafuta sayari. Kiongozi wetu alikuwa profesa mwenye jina kubwa, mwenye tabia ya kukuita "rafiki yangu" pale anapokaribia kukunyima kitu.

Mwaka wangu wa pili pale nilipewa nyota moja ndogo ambayo hakuna aliyeitaka. Ilikuwa imepimwa na darubini iliyoko milimani Chile, na vipimo vilikaa tu kwenye kompyuta. Nikaanza kuvisoma. Mwanga wa nyota umejaa mistari ya chuma, maelfu kwa maelfu, na nilipoiona kwa mara ya kwanza kwenye kioo niliitambua mingine kabla sijasoma maandishi ya pembeni. Niliinuka nikatoka nje kidogo. Kisha nikarudi nikafanya kazi.

Nyota ilikuwa inatikisika. Kila siku kumi na moja ilikuja na kurudi, ikaja na kurudi. Nilipima tena kwa njia nyingine, jibu likawa lilelile. Nikampelekea profesa.

Aliangalia mchoro wangu kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kuvua koti. "Rafiki yangu, haya ni madoa," alisema. "Nyota ina madoa meusi kama jua, ikijizungusha yanapita mbele yetu, nasi tunadanganyika kwamba inatikisika."

"Nimelijaribu hilo. Madoa yanabadilisha mwanga wa bluu zaidi kuliko wa nyekundu. Nimepima bluu peke yake na nyekundu peke yake. Zinasogea sawasawa. Kinachovuta rangi zote sawasawa ni sayari."

"Una njaa ya kugundua kitu," akasema kwa upole. "Naielewa. Watu wanaotoka kwenye maisha magumu huwa nayo. Lakini njaa inaharibu kipimo."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimekula majani ya mihogo bila chumvi kando ya reli, na mtu huyu alikuwa ananieleza njaa. Nilinyamaza. Hasira yangu kubwa kuhusu siku ile ni hiyo, kwamba nilinyamaza, nikakusanya karatasi zangu, nikasema asante.

Baada ya mwaka mmoja na miezi michache tulikwenda kwenye mkutano wa wataalamu. Profesa akapanda jukwaani. Kwenye ukuta ukatokea mchoro wa nyota ile ndogo, siku kumi na moja, bluu na nyekundu zikisogea sawasawa, na jina la kijana mmoja wa kikundi chetu ambaye alikuwa amepewa "kuhakiki." Watu wakapiga makofi. Jina langu lilikuwa chini, la sita, baada ya fundi wa kamera.

Safari hii sikunyamaza. Maswali yalipofunguliwa nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti.

"Nina swali kuhusu jaribio la rangi mbili," nilisema. "Ni nani aliyelifanya kwanza, na lini?"

Profesa alitabasamu. "Hii ni kazi ya timu."

"Najua. Nauliza ni nani. Nina tarehe za mafaili, na barua pepe niliyokuandikia, na jibu lako kwamba ni madoa."

Mwenyekiti akasema tutayaongea pembeni. Pembeni hakuna aliyekuja kuongea nami isipokuwa mama mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akiongoza kikundi kidogo nchi jirani. "Unafanya nini Septemba?" akaniuliza. Septemba nilikuwa kwake. Jina langu kwenye makala ile walilipandisha hadi la pili baada ya barua nyingi na vitisho vya heshima, na profesa alimwambia kila mtu kwamba mimi ni hodari sana, ila nina hasira.

Ndiyo, nina hasira. Ningekuwa na nini kingine?

Katika kikundi kile kipya nilipewa uhuru na mashine, na nilifanya kazi kama mtu anayelipiza. Miaka mitatu nilifuata nyota moja tu. Nilikataa kutangaza hadi nilipoipima kwa vyombo viwili tofauti, kwa rangi tatu, katika majira yote ambayo inaonekana. Mkuu wangu alinisihi. "Imetosha, andika!" Nikamwambia bado. Sikutaka mtu yeyote duniani apate mahali pa kuingiza kidole. Tulipochapisha, hakuna aliyepinga. Jina langu lilikuwa la kwanza. Ilikuwa sayari ya mawe, nzito kuliko dunia yetu, iliyo karibu mno na nyota yake na yenye joto la kuyeyusha risasi. Mwandishi yule wa kijijini-chali aliniuliza kama watu wanaweza kuhamia huko. Nikamwuliza ni watu gani ananuia kuwahamisha. Hakuliandika hilo.

Baada ya hapo zikaja nyingine, tisa hadi sasa. Na kila mara, kwenye mikutano, wenzangu wanasimama na kusema kwa machozi machoni kwamba tunatafuta nyumba nyingine kwa binadamu. Mimi naondoka ukumbini kunywa chai.

Halafu, mwaka juzi, mkuu wa shule yangu ya zamani Kolwezi aliniandikia. Alikuwa amesoma habari zangu. Shule nzima inajivunia mtoto wake, alisema, na wameshaitundika picha yangu ukumbini. Je, ningekuja kuongea na wanafunzi? Nilitaka kumjibu vibaya. Nikampigia mama simu kwanza, Mwene-Ditu.

"Enda," mama akasema. "Uende unitafutie mutoto. Uangalie kama mawe ingaliko."

Kwa hiyo nikaenda kwa ajili ya mawe mawili.

Kutoka Lubumbashi barabara ilijaa malori ya madini. Pale Fungurume tulisimama saa nzima nyuma yao. Asubuhi ya siku ya kwanza Kolwezi nilikwenda stesheni, nikavuka reli. Penye majani palikuwa na ukuta wa mabati. Nyuma yake watu walikuwa wanapanda na kushuka mashimoni na magunia ya kobalti. Mlinzi alinisimamisha.

"Mama, huku ni karyeri, banachimba. Haiko njia."

"Hapa palikuwa makaburi."

Aliniangalia kwa mara ya pili, akaushusha mkono wake. "Mifupa ilitokaka, ndiyo. Balikuwa nachimba, inatoka. Ya batoto batoto."

"Baliweka wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu rundo la udongo mwekundu lililokuwa juu kuliko nyumba. "Pale na udongo. Pole, mama. Mi nilikuwa sijaanza kazi."

Nilikaa pale hadi jua likawa kali. Yule mlinzi aliniletea maji kwenye chupa. Kobalti ya pale inaingia kwenye simu na kompyuta. Ninazitumia. Nawaza hilo ninapowasha mashine asubuhi, na sijui la kulifanyia.

Nilipaswa kurudi hotelini. Badala yake nikachukua pikipiki hadi Dilala. Mtaa wetu ulikuwa umefifia lakini nyumba zilikuwa zilezile. Yetu ilipakwa rangi ya samawati. Nikabisha. Aliyefungua alikuwa mzee mwenye miwani, na ilinichukua muda kidogo kumtoa mwalimu wangu wa hesabu ndani ya uso ule. Yeye alinitambua upesi zaidi, kutokana na ile picha.

"Ni wewe! Mutoto wa tata wa labo!" Alinishika mikono yote miwili. "Nilisikia utakuya. Ingiyako, ingiyako. Ni kwako hapa."

Niliingia kwa sababu miguu ilikuwa imeshaingia. Sebule ilikuwa na viti vipya. Kabati la ukutani lilikuwa letu.

"Mulimu," nikasema, "muliingia mu hii nyumba lini?"

"Kampuni ilipatia balimu nyumba."

"Lini?"

Akavua miwani. "Ile wiki."

"Ile wiki sisi tulikuwa pa gare, tunangojea treni. Dakika makumi mbili kwa miguu."

"Nilijua."

"Ulijua." Sikuongea naye tena kwa ile "mu" ya heshima.

"Bibi yangu alikuwa karibu ya kuzaa. Tulikuwa tunalala kwa shemeji, batu saba mu chumba kimoja. Balinisemea, nyumba iko, ingia, ao tutamupatia mwingine." Alizungumza bila kulia wala kujitetea sana, kama anayeonyesha alivyofika kwenye jibu. "Tulikuta kitanda kidogo cha mutoto. Mutoto wetu alikilalia."

Kitanda kile baba alikitengeneza kwa mbao za masanduku ya labo. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia mtoto wa kitanda kile alifia stesheni, na kwamba leo asubuhi nimeonyeshwa mifupa yake ilikotupwa. Alikaa chini polepole. Nikatoka. Mwenye pikipiki aliniuliza kama nimekosea nyumba.

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa. Mwalimu wangu alikuwa mstari wa mbele, amevaa suti. Mkuu wa shule alinitambulisha kama binti wa Kolwezi. Nilikuwa na michoro yangu ya sayari tayari. Nilizungumza juu ya mistari, juu ya nyota inayotikisika, juu ya madoa. Kisha nikasimama. Nikawaambia kwamba katika jengo hilihili nilisomewa jina langu kwenye orodha, nikafukuzwa kwa sababu ya mahali babu yangu alikozaliwa, na aliyeisoma orodha yuko hapa ndani. Mkuu wa shule aliinuka nusu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Usiku sikuwa nimelala, nikipanga ushahidi kama nilivyozoea, rangi kwa rangi.

Mwalimu akasimama. Akageuka kuwatazama wanafunzi, akanipa mgongo.

"Ni kweli," alisema. "Ni mi njo nilisoma ile liste. Na niko nalala mu nyumba ya tata yake mpaka leo." Akakaa.

Nami, badala ya kupata nafuu, nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Nilitaka akatae. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba ushahidi, na mtu huyu alikubali kwa sentensi mbili, jambo ambalo angeweza kulifanya wakati wowote, akiwa mzima, baba akiwa hai.

Mkuu wa shule alianza kushukuru watu haraka haraka. Ndipo msichana mmoja, nyuma kabisa, aliponyoosha mkono na kusimama bila kuruhusiwa.

"Mama, kama doa liko kubwa na linakaa muda murefu, rangi hazitafanana tu? Mulijua namna gani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko hoja ya profesa. Nilichukua chaki. Nilimjibu kwa robo saa, nikachora bluu na nyekundu hadi ubao ukajaa, naye akanibishia mara mbili, na mara ya pili alikuwa sahihi. Mkuu wa shule alikaa akitazama saa yake.

Jioni nilimpigia mama.

"Uliona mawe?" akauliza.

"Niliona."

"Yote mbili?"

"Yote mbili, mama."

"Pako safi?"

"Pako safi. Majani ni mafupi."

Alishukuru Mungu kwa sauti ndogo, akaniambia nile kabla ya kulala. Nikakata simu. Katika kazi yangu sijawahi kuandika namba ambayo sikuipima. Mama yangu ndiye mtu wa kwanza niliyempa kipimo cha uongo, na walionifikisha hapo wana nyumba, wana vyeo, na wengine wametundika picha yangu ukutani.

Asubuhi nilipanda gari la Lubumbashi. Dereva alitaka kujua kama kweli mimi ndiye yule mama wa nyota, na kama huko juu kuna watu. Pale Fungurume, nyuma ya malori, nikamwambia kwamba ni mimi, na kwamba kuhusu watu bado sijapima.